Mashua gani? Maswali yenu kuhusu a, an na the

Haya jamani nimerudi. Mwezi uliopita niliandika kuhusu barua za kuomba kazi kwa Kiingereza, nikasema pale mwisho kwamba wengi wetu hatuangushwi na maneno makubwa makubwa, tunaangushwa na vile vineno vitatu vidogo, a, an na the, na nikawahadithia kile kibao changu cha paka. Kwa ambao hamkusoma: mimi kabla sijawa mwalimu nilikaa mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni hapa Lamu mjini, sitaitaja, na paka wa Lamu mnawajua wenyewe, mgeni akikaa kula tu washafika sita wamemzunguka kama wameitwa mkutanoni. Mwenye nyumba akaniambia andika kibao. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, "Please do not feed a cat." Jioni nakuta mgeni ameandika chini yake kwa penseli, "May I feed two?"

Basi tangu hapo simu haijapumzika. Maswali mengine yamekuja kwa WhatsApp, mengine nimeulizwa njiani nikienda sokoni na kikapu mkononi, kuna mmoja alinishika pale gatini na mashua ishatolewa kamba. Yote sitayaweza. Nimelianza la kijana wa Shela na nimelijibu kwa urefu, mnisamehe, lakini nikilieleza hilo vizuri mengine yatajijibu yenyewe.

*

"Assalaam aleikum Bi Mwalimu. Mimi ni kijana wa Shela, natembeza wageni na mashua ya ami yangu. Juzi nilikutana ufuoni na mama mmoja wa Uingereza, tukapiga stori kidogo za hali ya hewa, akaniachia namba. Usiku nikamtumia meseji: 'Good evening, tomorrow I come with the boat at 7.' Akajibu, 'Which boat?' Nikaona huyu ananidharau, mashua si mashua tu, nikamwandikia, 'Boat for going Manda.' Hakujibu tena. Asubuhi namuona amepanda mashua ya mwenzangu. Je, ni hicho kineno ama haikuwa riziki yangu? — Mwenye hasira, Shela."

Waaleikum salaam mwanangu. Riziki ni ya Mungu, hapo siingii, lakini yule mama hakukudharau hata kidogo, alikuuliza swali la haki kabisa. Ngoja nikueleze vile bibi yako angekueleza.

Paukwa! Pakawa! Hapo zamani za kale palikuwa na mvuvi mmoja, mvuvi yule alikuwa na mke mkali... Umesikia hapo? Mara ya kwanza ni mvuvi mmoja, kwa sababu sisi tuliokaa mkekani hatumjui bado, ndio kwanza tunatambulishwa. Mara ya pili ni mvuvi yule, tushamjua. Sasa bibi angeanza kwa kusema "hapo zamani za kale palikuwa na mvuvi yule", watoto wote wangeruka, mvuvi gani bibi? Na ndivyo alivyoruka yule mama. Wewe kichwani mwako mashua unaiona, ya ami yako, imefungwa pale pake pa siku zote, tanga lina kiraka. Yeye haijui. Mlizungumza hali ya hewa tu. Ukimwandikia "the boat" ni kama umemwambia ile mashua tunayoijua mimi na wewe, akaitafuta kichwani mwake hakuipata, akauliza ipi.

Na mfano huu wa mmoja na yule sikuuvuta kwa nguvu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwako neno "ān" na maana yake ilikuwa moja, hilo ndilo lililozaa "an", na "an" ikachakaa mdomoni ikawa "a". Na "the" ni damu moja na "that". Kwa hivyo ni mmoja na yule kweli kweli, hata penseli ya mgeni wangu ilikuwa na haki, nilimkataza kulisha paka mmoja akauliza je wawili.

Watu hupenda kusema Kiswahili hakina mambo haya ndio maana yanatushinda. Mimi sikubali. Fikiria mamako yuko jikoni unaingia mlangoni anakuuliza, "Umeleta samaki?" Hapo samaki yeyote, changu, tafi, mradi kitoweo. Siku nyingine anakuuliza, "Umemleta samaki?" Hiyo m tu iliyoingia katikati, na wewe unajua moja kwa moja kwamba ni yule samaki aliyekutuma tangu asubuhi, yule aliyekwishamlipia, na ukisema umesahau utakula ubwabwa mtupu. Hakuna aliyekufundisha hilo darasani. Mwingereza hana pa kuipachika hiyo m ndani ya kitendo chake, kwa hivyo anaweka "the" mbele ya samaki. Kazi ni ile ile, kilichobadilika ni mahali pa kuiweka.

Kwa hivyo kila ukitaka kuandika jiulize swali moja tu: huyu ninayemwambia, anajua ni ipi? Kama hajui na ni kitu kimoja cha kuhesabika, "a". Kama anajua, "the". Meseji yako ingekuwa, "I have a boat. I can bring the boat to Shela at 7." Ya kwanza inamtambulisha mashua, ya pili inamletea.

Kuna jambo zuri hapa wengi hawalijui. Ukishaitaja mashua, vitu vyake vyote vimekuja nayo. Unaweza kuendelea, "The captain is my uncle and the sail is new", ingawa nahodha hukumtaja wala tanga hukulitaja, kwa sababu kila mtu anajua mashua ya tanga ina nahodha na ina tanga. Vile vile vitu ambavyo viko kimoja tu mbele ya wote: the sun, the moon, the tide, the sea. Hakuna atakayekuuliza bahari ipi na nyote mumesimama ufuoni.

Ama lile jibu lako la pili, "Boat for going Manda", hilo ni la kibao. Vibao na vichwa vya magazeti huruhusiwa kuviacha vineno hivi ili kubana nafasi, "Boat for sale" ukaandika kwenye ubao ukatundika, sawa. Kwa mtu aliyekuuliza kwa adabu inasikika kama unamfokea. Mpelekee salamu mwenzako aliyempata mgeni, mwaka huu bado una siku nyingi.

*

"Bi Mwalimu shikamoo. Mwanangu wa Grade 6 ameandika 'My sister is at an university in Mombasa', mwalimu wake akatia mkasi mwekundu. Mimi enzi zetu nilifundishwa a e i o u zote zinataka an, nikaingia shuleni mwenyewe na daftari mkononi kumtetea mtoto. Nimerudi na aibu, na sababu yenyewe hata sikuielewa. — Mama wa Langoni."

Marahaba mwanangu. Pole kwa aibu, ila mwalimu ana haki, na wewe ulifundishwa nusu. Sheria si ya jicho ni ya sikio. Funga macho useme university. Ulimi umeanza na yu, kama yule, kama yusra. Hiyo y ni konsonanti kwa hivyo ni "a university", "a uniform", na "a European" pia ijapokuwa imeandikwa kwa E. Sasa sema hour. H haisikiki, neno linaanza na awa, kwa hivyo "an hour", na "an honest man" vile vile. One imeandikwa kwa o lakini inatamkwa wan, ndio maana ni "a one-way ticket".

Mchezo wenyewe unanoga kwenye herufi za kifupi, na sisi Kenya hatuishi bila vifupisho. M inasomwa em, kwa hivyo an MP, an MCA, an M-Pesa agent. S ni es, an SMS. Lakini UNESCO inaanza na yu, basi Lamu tangu 2001 ni "a UNESCO World Heritage Site", usikubali mtu akuandikie an kwenye kijitabu cha wageni, nimekiona kimoja na kimechapishwa kwa rangi nzuri tu. Mtoto akipata matokeo mazuri amepata an A, akiteleza kidogo ni a B, na tusifike kwenye an E. Namba nazo zimo, an 8, an 11, an 18.

Mama, mwanao kama anakwenda madrasa jioni muulize herufi za jua na herufi za mwezi za Kiarabu. Atakwambia al-qamar, yaani mwezi, lam (ile l yao) inasikika, lakini ash-shams, jua, lam imemezwa na shin (ile sh). Hiyo al ndiyo "the" ya Kiarabu, na inabadilika sauti kwa kutazama jirani yake, sawasawa na "a" inavyovaa n ikikutana na irabu. Na "the" yenyewe ya Kiingereza haikosi, mbele ya konsonanti ni dha, dha boti, na mbele ya irabu wengi huitamka dhi, dhi awa (the hour). Wallahi mtoto wa madrasa haya mambo anayaweza kabla hajayasikia kwa Kiingereza. Hata sisi tusiosoma Kiarabu tumeyameza ndani ya maneno ya kila siku, alasiri tumbo lake lina al, alfajiri ina al, na adhuhuri lam imeliwa kwa sababu herufi ile ni ya jua. Tunasema the kutwa mara tatu na hatujui.

Kwa kuwa tumefika hapo, Waingereza wenyewe hizi n ziliwachanganya zamani. Aproni ilikuwa "a napron", watu wakasikia "an apron", n ikahama nyumba, ndugu yake napkin bado anayo yake. Na jina la utani lilikuwa "an ekename", n ikavuka upande wa pili likawa "a nickname". Ile orange nayo asili yake ni naranj ya Kiarabu, lakini n yake ilidondoka huko huko njiani Ulaya kabla haijafika kwao. Kwa hivyo mwambie mwanao asilie, waliokosea kabla yake walikuwa taifa zima.

*

"Ciao Bi Mwalimu! Mimi wa Malindi, mimi Kitaliano ndicho kilichonilea, Kiingereza nakivua vua tu. Sasa wageni wamechanganyika, wapo Waingereza, wapo Wapolandi. Nikisema 'the my boat is near' wanacheka, nikisema 'the life in Malindi is slow' mmoja akanirekebisha ati toa the. Mbona Wataliano husema hivyo hivyo na ni Wazungu pia? — Wa pwani ya Malindi."

Ciao na wewe baba. Swali lako nimelipenda kuliko yote, kwa sababu kosa lako si la mtu asiyejua, ni la mtu anayejua lugha nyingine vizuri kisha anahamisha vyombo vyake vyote kwenda nyumba mpya na huku milango ni midogo.

Mtaliano anasema "la mia barca", ukilitafsiri moja moja ni the my boat, kwake ndio ufasaha. Kwa Mwingereza mbele ya nomino kuna kiti kimoja tu. Akishakaa my, the asimame nje. Akishakaa this, hali ni hiyo hiyo. My boat, the boat, this boat, basi. Na ile a nayo haipandi hapo, hakuna "a my friend", sema "a friend of mine".

Kuhusu maisha. Mtaliano husema "la vita", na Mwarabu naye al-hayat, wote wawili wakizungumza maisha kwa jumla wanaweka the yao. Ndiyo sababu wewe wa Malindi na ustadhi wa Lamu mnakosea pamoja, mkaandika the life, the love, the education, the patience. Hapa ndipo mfano wangu wa al unapokatika, nilimwambia mama wa Langoni inafanana, naam, lakini haifanani mpaka mwisho. Mwingereza akizungumza jambo kwa ujumla wake analiacha neno uchi, bila the: Life is slow in Malindi. Education is expensive. Donkeys are patient, punda wote wa dunia. Ukisema "The donkeys are tired" umetoka kwa punda wa dunia umekuja kwa hawa wawili waliosimama hapa mlangoni na mawe ya matumbawe mgongoni. Na "the life" yapo, lakini ni maisha ya fulani, "the life of a fisherman", hapo umeyafunga kwa mwenyewe.

Upande wa kazi ndio utaumia kinyume. Kitaliano husema "sono medico", mimi daktari, bila kitu, na sisi pia mimi ni mwalimu, mimi ni nahodha. Kiingereza kinadai "a": I am a guide, my brother is a driver. Hili ndilo kosa ninalolikuta kwenye barua za kazi kuliko yote, "I am trained teacher", na barua ya mwalimu wa Kiingereza ikianza hivyo mwajiri hafiki mstari wa pili.

Halafu huyo Mpolandi asikucheke. Lugha yao haina vineno hivi hata kimoja, wala Kirusi. Mkiwa wawili mashuani, wewe na yeye ni wanafunzi wa darasa moja, wewe unazidisha yeye anapunguza. Na Kilatini ambacho ndicho baba wa Kitaliano hakikuwa nazo pia, "il" na "la" zilitoka kwenye "ille", maana yake yule. Yule, tena! Utaona dunia nzima ilianzia mkekani kwa bibi.

*

"Mwalimu, mimi ni nahodha wa Matondoni. Tulikuwa tunavuka mlango wa bahari na upepo, mgeni akaangalia chini akaona maji, nikataka kumtuliza nikamwambia 'No problem, there is a little water in the boat.' Akashika jaketi la kuokolea hakuliachia mpaka tukafika. Nilisema kitu gani?"

Ulisema maji yameingia, nahodha. Hii ndiyo a hatari kuliko zote. "A little water" ni kuna maji kidogo, yaani yapo. "Little water" bila a ni maji ni kidogo, hakuna cha kuhesabu. Kwetu ni neno moja tu, "kidogo", tofauti inabebwa na "kuna" na "ni", na sauti. Kwao inabebwa na hiyo a. Ungemwambia "there is very little water" angekaa raha akapiga picha.

Watu nao wanaingia kwenye sheria hiyo hiyo. "I have a few friends in Malindi", ninao wachache, nikikwama nitapata pa kulala. "I have few friends in Malindi", huyo ni mpweke. Kijana mmoja aliandika kwenye barua yake "I have little experience" akidhani anajinyenyekeza, kumbe amejifungia mlango, alitaka kusema "a little".

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa bahari, yako mazoea ya baharini yasiyotaka kitu chochote. Aliyeko safarini ni "at sea". Aliyesimama ufuoni anaiangalia ni "by the sea". Unasafiri "by boat", si by a boat, na aliyekuja kwa miguu amekuja "on foot". Maji yakijaa ni "at high tide", yakipwa "at low tide", lakini "the tide is coming in". Hizi ni za kukariri tu, hazina hesabu. Bei ndio nyepesi, ile a ya bei maana yake ni kwa kila: mia tano a kilo, twice a day, elfu mbili a trip.

*

"Tuna insha ya My County, mwalimu wetu hajafika wiki ya pili. Ni the Lamu? Na mito? — Form Two watatu."

Lamu tu. Kisiwa kimoja hakitaki kitu, Lamu, Manda, Pate, Kiwayu. Vikiwa kundi vinataka, the Lamu Archipelago, the Comoros, the Seychelles. Mto ni the, the Tana, na kule Malindi the Sabaki. Bahari the Indian Ocean. Ziwa hapana, Lake Kenyatta kule Mpeketoni, na mlima mmoja hapana, Mount Kenya. Mkiniuliza kwa nini mto unapata na ziwa linanyimwa sina jibu la kuwashibisha, mezeni hivyo hivyo. Nchi nyingi hazitaki, Kenya, Somalia, Italy, ila zile ambazo jina lake ni maneno ya kawaida au ni wingi, the United States, the United Kingdom, the Netherlands. Na jamani information, advice, luggage na furniture hazina wingi wala hazishiki a, msiniandikie "an advice" wala "luggages" mkifika kwenye aya ya utalii, najua mtafika.

*

"Bi Mwalimu, marehemu babu alifungwa pale Ngomeni Lamu enzi ikiwa jela. Naandika kisa chake kwa Kiingereza kwa binamu zangu waliozaliwa ng'ambo. Ni 'in prison' au 'in the prison'?"

Mungu amrehemu. "My grandfather was in prison", bila the, maana yake alikuwa mfungwa. "In the prison" mtu yumo ndani ya jengo, pengine amepeleka chakula, pengine ni fundi wa bomba. Vivyo hivyo mgonjwa yuko "in hospital" na anayemtembelea amekwenda "to the hospital", ingawa Wamarekani wote wawili huwapa the na binamu zako kama wako huko watakuona umekosea, usiwasikize. Mwanafunzi yuko "at school", mzazi mwenye daftari mkononi amekwenda "to the school", mama wa Langoni anisamehe.

Kisa chako ningekianza hivi, nawe utarekebisha: "Lamu Fort was finished in 1821. For many years it was a prison, and my grandfather was in prison there. The prison closed in 1984. Today the fort is a museum." Tazama a prison ya mara ya kwanza, kisha in prison ya babu, kisha the prison iliyofungwa. Jengo ni lile lile moja na limepita njia zote tatu. Jina likitimia, Lamu Fort, halitaki the, likibaki fort tu linaitaka. Na weka jina la babu mapema, binamu zako wasije wakauliza which grandfather, maana kila mtu anao wawili.

*

"Mwalimu kile kibao cha paka ilikuwaje mwisho wake?"

Nilikifuta usiku ule ule kabla mwenye nyumba hajakiona, nikaandika upya, "Please do not feed the cats." Asubuhi penseli ilishapita tena. "Thank you for letting us know. Signed, the cats."